Faiba, rauta, bando au dishi: uliza kwanza inakatikaje

Mtoto wa kaka yangu amehamia Mtwapa, chumba kimoja chenye choo ndani, na ameanza kazi ileile ninayoifanya mimi mwaka wa sita sasa: kusikiliza sauti za watu na kuziandika. Mahojiano ya watafiti, mikutano, mahubiri, mara mojamoja mgogoro wa ardhi wa saa tatu ambamo kila mtu anaongea kwa wakati mmoja. Malipo ni kwa dakika ya sauti. Ukikaa saa nzima unatazama kiduara kikizunguka, saa hiyo umeila hasara wewe, mteja haimhusu.

Juzi akanitumia ujumbe wa sauti: "Shikamoo shangazi. Nataka kuweka intaneti chumbani. Nichukue ipi? Kila ninayemuuliza ananiambia yake ndiyo ina kasi. Na nitumie programu gani nisije nikapoteza kazi?"

Nilimjibu kwa jumbe nne ndefu, ya nne ikakatikia njiani. Basi nimeona niandike, maana si yeye peke yake anayeniuliza.

Kasi nimeiweka pembeni mapema. Saa moja ya sauti ya MP3 ya kawaida, ile ya kbps 128, ni kama MB 58. Kwa laini ya Mbps 15 inashuka kwa nusu dakika. Kwa Mbps 1 inachukua dakika nane hivi, unateleka chai na kurudi. (Wengi huchanganya hapa: kasi huuzwa kwa biti, faili hupimwa kwa baiti, na baiti moja ni biti nane. Mbps 15 ni chini kidogo ya MB 2 kwa sekunde. Muuzaji hatakueleza hilo.) Kwa kazi yetu karibu kila kitu kilichoko sokoni kinatosha kikiwa kizima. Kwa hiyo ninalinganisha wakati kimeharibika: kinakatika namna gani, kwa muda gani, nani anakitengeneza, na kazi uliyokuwa umeifungua inabaki wapi.

Faiba: ikiwa nzima ni raha, ikifa imekufa

Nyumbani kwangu Bamburi nina faiba. Ikifanya kazi nasahau kama ipo. Mvua inanyesha, majirani wanatazama mpira, mimi ninapakua na kupakia kama kawaida, na hakuna ujumbe wa kuniambia nimetumia asilimia 75 ya kifurushi. Bei nazo zimekuwa za kueleweka. Safaricom, ambao si hao wanaonihudumia mimi, walipopandisha kasi za vifurushi vyao Septemba 2024 waliweka Mbps 15 kwa shilingi 2,999 kwa mwezi na Mbps 30 kwa 4,100. Kwa mtu mmoja anayeandika sauti, hiyo ya kwanza inamtosha na inabaki.

Lakini ijue tabia yake. Faiba kwa kawaida haichoki polepole. Ni uzi wa kioo unaopitisha mwanga. Mwanga unafika au haufiki. Kinachoukata ni vitu vya kawaida kabisa: lori lenye mzigo mrefu, tingatinga la wachimba mtaro wa maji, panya, nguzo iliyolegea. Kwetu Pwani ongeza upepo wa kusi na minazi.

Mwaka jana, mwezi wa tano, saa nne kasorobo usiku, nilikuwa nimebakisha dakika kumi na mbili za mahojiano ya kuwasilisha saa sita. Ukurasa ukaganda. Nikatazama kile kisanduku cheupe ukutani. Kina taa kadhaa, mbili ndizo za kukariri: PON, ambayo ikiwa sawa hukaa kijani bila kupepesa, na LOS, ambayo ikiwa sawa haionekani kabisa. Usiku ule PON ilikuwa inapepesa na LOS imewaka nyekundu. Maana yake mwanga haufiki nyumbani, na hata uzime na kuwasha rauta mara arobaini, haufiki.

Nikapiga simu. Muziki wa dakika kumi na nane.

"Madam, umejaribu kuzima na kuwasha?"

"Kaka, LOS ni nyekundu."

"Naelewa, madam. Zima, hesabu dakika mbili, kisha washa."

Fundi alikuja siku ya tatu, kijana mpole, ngazi begani. Kuti la mnazi lilikuwa limeangukia waya kwenye nguzo ya kona na kuuvunja ndani, nje ganda zima. Akapanda, akaukata, akauunganisha kwa kimashine chake kama kisanduku cha kiatu, taa ikarudi kijani. Dakika kumi. Siku tatu za kusubiri dakika kumi, na mwezi huo nililipa bili nzima.

Kwa hiyo ukienda kuulizia faiba, mambo ya Mbps waachie. Muulize mtu anayeishi jengo hilohilo: mara ya mwisho ilipokatika, fundi alikuja baada ya siku ngapi? Jibu la jirani lina thamani kuliko bango lolote. Na angalia waya unapitia wapi. Uliozikwa chini hukatwa na wachimbaji. Uliotundikwa juu unakatwa na kila kitu.

Kuna na stima. Faiba yenyewe haihitaji stima kwenye waya, ila kisanduku chako na rauta yako vinahitaji, kwa hiyo stima ikipotea unakaa gizani na intaneti nzima ikiwa ukutani, haina wa kuisambaza. Dawa ni rahisi: UPS ndogo ya volti 12, yaani betri ya akiba, ile ya ukubwa wa Biblia ya mfukoni. Rauta hula kama wati 10 tu. Betri ya mAh 8,800 kwa hesabu inaishikilia saa tatu. Mimi napata mbili na nusu. Kwa kukatika kwa kawaida kwa mtaani inatosha. Kwa usiku kama ule wa 25 Agosti 2023, stima ilipopotea karibu nchi nzima hadi uwanja wa ndege wa Nairobi ukaingia giza, hakuna UPS ya mfukoni inayokuvusha.

Rauta ya laini: inachoka jioni

Hii ni ile rauta ya 4G au 5G unayoichomeka ukutani na kuanza kutumia, hakuna fundi wala kutoboa ukuta. Kwa mtu anayepanga ina faida kubwa: ukihama, unahama nayo. Ila uliza kabla ya kulipa, maana nyingine zimefungwa kwa eneo moja na ukizipeleka kwingine hazishiki.

Udhaifu wake ni kinyume cha faiba. Haifi ghafla mara nyingi, inazubaa. Mnara ni wa watu wote, na saa mbili usiku mtaa mzima umerudi nyumbani, kila mtu na video yake. Asubuhi unapata kasi ya kujivunia, usiku ukurasa wa barua pepe unafunguka kwa mafungu. Halafu kuna kile kifungu cha matumizi ya haki kilichoandikwa kwa herufi ndogo: kifurushi hakina kikomo, lakini ukifikia kiasi fulani kasi inashushwa. Niliwahi kuwa nayo moja kabla ya faiba, na kila ifikapo tarehe ishirini na kitu ilikuwa inaenda kama mkokoteni wa maji kwenye mchanga.

Kazi yako ukiifanya alfajiri, rauta ya laini ni nzuri kuliko sifa yake. Ukiifanya usiku, ijaribu usiku. Muuzaji atakuja saa nne asubuhi, ataweka simu yake kwenye meza na kukuonyesha mshale unapanda. Mwambie arudi saa mbili usiku. Hawezi kurudi, basi mwazime mtu mwenye laini ya kampuni hiyo, kaa naye chumbani kwako jioni tatu, pima kasi ya kupakua na ya kupakia. Ya kupakia ndiyo watu husahau, na sisi ndio tunaorudisha faili.

Na mahali pa kuiweka pana uzito. Chumba cha matofali na mabati juu kinameza mawimbi. Ya kwangu nilipoitoa nyuma ya kabati na kuiweka dirishani upande wa mnara, ilikuwa kama nimenunua nyingine.

Bando: inaisha

Bando ya simu nimeishi nayo miaka miwili ya mwanzo na bado siidharau. Zile za saa moja za shilingi ishirini na kitu zimeniokoa zaidi ya faiba. Tatizo ni kwamba unafanya kazi huku saa inakukimbiza, na kompyuta yako haijui mtu ana bando. Unaiunganisha kwa hotspoti ili utume faili la maandishi la KB 40, nayo kwa furaha inaanza kushusha masasisho ya Windows. Dakika sita, GB nzima imekwenda, faili bado.

Hili lina tiba na watu wengi hawaijui. Kwenye Windows, ingia mipangilio ya mtandao, bofya jina la hotspoti yako, kuna swichi ya kuiambia kompyuta kwamba muunganisho huu unapimwa. Iwashe. Masasisho mengi yatasubiri ukirudi kwenye mtandao usiopimwa. Kisha ingia kwenye hifadhi yako ya mtandaoni uisimamishe kusawazisha, na kwenye simu uzuie WhatsApp isishushe video za kundi la harusi. Mkutano wa video hula mamia ya MB kwa saa. Ukizima kamera ukabaki na sauti unarudi kwenye makumi.

Kama njia kuu, bando ni ghali kwa anayefanya kazi kila siku. Kama njia ya pili, hakuna inayoishinda. Sharti moja: laini ya akiba iwe ya kampuni tofauti na ile unayotegemea. Hata hivyo usijipe uhakika mwingi. Kampuni mbili zinaweza kuwa zimetundika vifaa kwenye mnara mmoja, na betri ya mnara ikiisha, zinaanguka pamoja.

Dishi la setilaiti

Mtoto wa kaka yangu hili ndilo alilokuwa analitamani, nikajua kwa jinsi alivyolitaja mwisho kana kwamba halina maana.

Starlink iliingia Kenya Julai 2023, na si kama yale madishi ya zamani. Setilaiti za zamani zinakaa km 35,786 juu. Ukibofya, ishara inakwenda huko na kurudi, na mazungumzo yanakuwa ya kusubiriana kama simu za Uarabuni za miaka ile. Hizi zinapita km 550 hivi, kwa hiyo hata simu ya video inakwenda vizuri. Kifurushi cha kawaida cha nyumbani kilikuwa shilingi 6,500 kwa mwezi, na chepesi 4,000, ukiacha gharama ya kifaa chenyewe. Kwa mtu wa Tana River, visiwa vya Lamu, au shamba la ndani huko Ganze ambako faiba ni hadithi, mimi singemwambia afikirie mara mbili.

Kwa Mtwapa nina maswali. Dishi linataka anga wazi. Mwembe mmoja upande usiofaa unakupa mtandao unaokatika sekunde chache kila mara, na kukatika kwa sekunde chache ni kubaya kuliko kukatika kwa saa nzima, kwa sababu kila ukurasa unajifungua upya na hujui ulipofika. Mvua kubwa ya masika inalipunguza nguvu. Linataka paa, na paa ni la mwenye nyumba. Na linakula stima: lile la kawaida wati 50 kwenda juu, dogo lake 25 hadi 40, ile UPS ndogo niliyoisema hailiwezi. Utahitaji betri kubwa au sola.

Wala usidhani ukiwa na dishi umehama kwenye matatizo ya wanadamu. Novemba 2024 Starlink walisimamisha kupokea wateja wapya Nairobi na kaunti za jirani kwa sababu uwezo ulijaa, wakafungua tena katikati ya 2025. Na 24 Julai 2025, saa nne usiku na dakika kidogo kwa saa zetu, huduma nzima ilizima duniani kwa kama saa mbili na nusu. Hakuna kuti la mnazi lililoangukia setilaiti. Kampuni yenyewe ilisema ni programu zake za ndani zilizofeli.

Nyaya za baharini zinazotuletea intaneti nazitaja kwa kifupi, kwa kuwa hapo huna la kuchagua. Sisi wa Mombasa tunajiona wakubwa. SEACOM na TEAMS zilifika hapa 2009, EASSy mwaka uliofuata, na nyingine zimeongezeka. Lakini 12 Mei 2024, Jumapili, EASSy na SEACOM zilipokatika kusini huko baharini, nchi kadhaa za ukanda huu zilizorota kwa pamoja, na aliyekuwa na faiba na aliyekuwa na bando wote walitazama kiduara kimoja. Siku kama hiyo mwambie mteja mapema, kwa SMS kama hapana budi. Mteja wa ng'ambo akijua saa mbili kabla, husikiliza. Akijua saa mbili baada ya muda kupita, hata ukweli unasikika kama kisingizio.

Sasa programu, ambako ndiko nilikoumia zaidi

Rudi usiku ule wa LOS. Waya ulivunjika saa nne kasorobo, lakini hasara haikuletwa na waya. Nilikuwa naandika moja kwa moja kwenye ukurasa wa mteja, kile kisanduku chao cha kuandikia kinachojihifadhi chenyewe. Juu kabisa kulikuwa na maneno madogo ya kijivu: "Inahifadhi…" Yalikaa hivyo. Nikaunganisha bando, ukurasa ukajifungua upya, na kazi yangu ikarudi ilivyokuwa saa tatu na dakika tano. Dakika arobaini za kuandika zimekwenda. Ilikuwa haihifadhi tangu saa tatu na dakika tano. Mtandao ulikuwa umeanza kuyumba na ukurasa haukuona haja ya kuniambia.

Tangu siku hiyo nazigawa programu kwa mafungu mawili tu: zinazoandika kwanza kwenye mashine yangu kisha zinapeleka mtandaoni, na zinazopeleka kwanza kisha zinaomba Mungu.

Zilizosakinishwa kwenye kompyuta, kama LibreOffice au Word ya kawaida, ziko fungu la kwanza. LibreOffice ni ya bure, haiulizi mtandao wala usajili, na stima ikipotea kwenye kompyuta isiyo na betri hukupa toleo lililookolewa ukiwasha tena. Udhaifu wake: faili likitoka kwa mteja limeandikwa kwa Word lenye majedwali mengi, mpangilio unaweza kuhamahama, mstari ukaruka, namba za kurasa zikapotea. Kwa maandishi matupu sijaona shida. Na muda wa kujihifadhi uupunguze. Mimi nimeweka dakika mbili.

Google Docs iko katikati, na ndiyo inayodanganya watu. Inaweza kufanya kazi bila mtandao, kweli, lakini lazima uwashe uwezo huo mapema, ukiwa na mtandao, kwenye kivinjari kinachoukubali kama Chrome, na kwenye mashine hiyohiyo. Asiyewasha anagundua siku ya msiba. Ukiiwasha, ni nzuri kuliko zote kwa kazi ya watu wawili, kwa sababu inatunza matoleo ya nyuma na unaweza kurudi ulipokuwa mchana.

Kurasa za wateja, zile ambazo kila kampuni ya kazi za mtandaoni inatengeneza yake, ndizo fungu la pili. Huwezi kuzikwepa, ndiko malipo yanakotoka. Lakini huna lazima ya kuandikia humo. Pakua sauti kama wanaruhusu, andika kwenu, nakili, bandika mwishoni. Wasiporuhusu kupakua, kila dakika tano bofya ndani, chagua yote, nakili, bandika kwenye faili tupu. Ni kero, na mkono umezoea sasa, naufanya bila kufikiri kama mtu anayegusa funguo mfukoni kila akitoka nje.

Masasisho: yakubali, ila si siku ya kuwasilisha kazi. Tarehe 19 Julai 2024 sasisho moja bovu la CrowdStrike, kampuni ya ulinzi wa kompyuta, liliangusha kompyuta za Windows karibu milioni 8.5, ndege zikakaa chini. Wale walikuwa na idara nzima za teknolojia. Wewe una mimi. Windows 10 nayo ilifikia mwisho wa msaada wa kawaida 14 Oktoba 2025, kwa hiyo ile laptopu ya mtumba ya Marikiti ambayo muuzaji alisema "ni safi kabisa, dada" iangalie kabla hujalipa kama inaweza kupokea Windows 11. Nyingi za umri ule haziwezi.

Programu ya simu au nyota na reli

Hili hakuniuliza, lakini ndiko pesa zinakopita. Programu ya benki yangu ni nzuri kwa macho, ina rangi na picha za watu wanaocheka. Siku moja niko kwenye foleni ya duka la dawa, watu watano nyuma yangu, mmoja ana mtoto analia, nayo inaniambia inahitaji kusasishwa kwanza. MB 90. Dada wa kaunta akanitazama kwa huruma: "Mama, tumia nyota tu."

Nikabonyeza *334#, ile ya M-Pesa, nikafuata namba, pesa ikafika kabla programu haijamaliza asilimia kumi. Menyu ya nyota na reli haitumii data hata kidogo. Inapita kwenye njia ya mawasiliano ileile ambayo simu yako hutumia kuzungumza na mnara. Ndiyo maana inafanya kazi hata kwenye simu ya kawaida ya vibonyezo, na bando ikiwa sifuri. Kila ukurasa wake ni herufi chache tu, chini ya mia mbili, kwa hiyo hakuna cha kusubiri. Ubaya wake: ukichelewa kujibu inakufungia na unaanza upya, haina kumbukumbu nzuri ya malipo ya zamani, na ukikosea tarakimu moja ya namba ya akaunti ni juu yako. Programu inakuonyesha jina, orodha, risiti. Mimi natumia programu nikiwa nyumbani nimetulia, na nyota nikiwa barabarani. Zote mbili ziwe zimesajiliwa kabla ya shida.

Na mawasiliano ya wateja usiyaweke chungu kimoja. 4 Oktoba 2021 WhatsApp, Facebook na Instagram zilipotea kwa saa sita hivi, kwetu ikiwa jioni hadi usiku wa manane, na nilikuwa na mteja ambaye barua pepe yake sikuwahi kuiomba.

Nilichomwambia achukue

Jengo lake lina faiba ya kampuni mbili. Alipowauliza majirani, wa ghorofa ya kwanza alisema fundi wa moja huja siku hiyohiyo kwa sababu anaishi hapo nyuma ya msikiti. Wa kampuni nyingine, hakuna aliyewahi kumwona. Basi achukue ya fundi wa nyuma ya msikiti, hata kama ni Mbps chache na shilingi mia tatu zaidi. UPS ndogo wiki hiyohiyo, asingoje mwezi wa pili. Laini ya akiba ya kampuni nyingine, yenye shilingi mia moja zisizoguswa. LibreOffice kwenye laptopu, Google Docs iwashwe kutumika bila mtandao, ukurasa wa mteja uwe wa kubandikia tu. Dishi aliache hadi atakapojenga kwake.

Angekuwa amepanga kwa miezi mitatu tu ningemwambia rauta ya laini. Angekuwa shambani, dishi na sola.

Akasikiliza yote, kisha akauliza: "Na faiba ikikatwa, stima ipotee, na mnara uzime, shangazi?"

Nikamwambia kuna saiba karibu na stendi ya Mtwapa ina jenereta. Wanafunga saa tatu usiku, na mwenyewe hapendi watu wanaoingia na chai.